Ovataimu Ikikatika Athi River: Agizo la Nguo la Marekani Linavyofika Kibandani

Septemba 30, 2025, sheria ya Marekani inayoitwa AGOA ilifika ukomo wake. Kwa karibu robo karne sheria hiyo ndiyo iliyoruhusu nguo zilizoshonwa Kenya kuingia Marekani bila ushuru, na ndiyo iliyojaza washonaji katika EPZ, yaani eneo la viwanda vya kuuza nje, la Athi River, kaunti ya Machakos. Magazeti yalihesabu thamani ya mauzo ya nje na ajira za viwandani. Hapa tunavuka barabara tutazame upande wa pili: vibanda vya chakula, ploti za vyumba vya kupanga, boda, mawakala wa M-Pesa, deikea na saluni. Hawa wote wanaishi kwa mshahara wa mshonaji, na wengi wao hawajawahi kuona ndani ya geti.

Hoja yetu ni moja. Biashara hizi hazili mauzo ya nje. Zinakula mshahara, na ndani ya mshahara zinakula zaidi ovataimu. Ndiyo maana zinaumia miezi kabla ya tarehe inayotajwa kwenye habari, na ndiyo maana wenye biashara wengi husoma dalili kinyume.

Viwango vya ushuru, makato na vifungu vya sheria vilivyotajwa humu ni halisi. Mshahara, bei ya suruali, bei za sahani, kodi za vyumba na hesabu za kibanda ni za mfano tu, zimewekwa ili msomaji aweke namba zake mwenyewe mahali pake.

Suruali moja inaacha nini mtaani

AGOA ilitiwa saini na Rais Bill Clinton Mei 2000, na Kenya ikaanza kunufaika nayo kwa upande wa nguo mwaka 2001. Uzito wake ulikuwa katika kifungu cha kitambaa cha nchi ya tatu. Kiwanda cha Athi River kinaweza kununua kitambaa China au India, kikakikata na kukishona hapa, na nguo bado ikaingia Marekani bila ushuru. Kwa nchi ambayo viwanda vyake vingi vya kusuka vitambaa vilikufa, kifungu hicho ndicho kilichobeba sekta nzima.

Kwa upande wa Kenya, Sheria ya EPZ ya mwaka 1990 inamsamehe mwekezaji ushuru wa forodha na VAT kwenye malighafi na mashine. Kodi ya mapato ya kampuni hailipwi miaka 10 ya kwanza, kisha hutozwa asilimia 25 kwa miaka 10 inayofuata. Kitambaa, zipu, vifungo na mashine vinatoka nje, na faida inakwenda kwa mwekezaji. Kinachobaki Athi River ni mishahara, umeme, maji, malori na huduma chache zinazonunuliwa hapa.

Tuchukue suruali ya pamba inayouzwa kwa dola 8 ikitoka kiwandani. Kwa kiwango cha kubadilisha fedha cha mwaka 2025, shilingi 129 hivi kwa dola, hiyo ni shilingi 1,032. Tuseme laini ya washonaji 50 inatoa suruali 600 kwa siku, yaani 12 kwa kila mshonaji. Mshahara wa msingi wa 16,000 ukigawanywa kwa siku 26 za kazi ni 615 kwa siku. Gawanya kwa 12 upate shilingi 51. Ongeza wakataji, wapiga pasi, wakaguzi na wapakiaji, hata ukifika shilingi 77, bado hujavuka asilimia 8 ya bei ya suruali. Hizo ndizo zinazotembea hadi kibandani. Kwa hiyo habari inaposema mauzo ya nje yamepanda kwa mabilioni, mwenye duka asizidishe hesabu yake kwa kiwango hicho. Thamani inaweza kupanda kwa sababu tu kitambaa kimepanda bei au shilingi imeshuka, na laini zikabaki zilezile.

Sasa tazama ushuru. Bila AGOA, suruali ya pamba ya wanaume inatozwa asilimia 16.6 ikiingia Marekani. Sweta ya nyuzi za kutengenezwa hufika asilimia 32. Juu ya hapo kulikuwa na asilimia 10 ambayo Marekani iliiwekea Kenya Aprili 2025. Jumla kwa suruali yetu ni asilimia 26.6, sawa na dola 2.13, kama shilingi 275. Linganisha na shilingi 51 za mshonaji. Hata mshonaji akikubali kufanya kazi bure, pengo haliwezi kuzibika. Mnunuzi anajua hivyo, kwa hiyo haji kubembeleza mishahara ishuke. Anahamisha agizo.

Kalenda inayosomwa kutoka mwisho

Kinachohesabiwa na forodha ya Marekani ni siku nguo inapoingia kule. Siku iliyotoka Athi River haijalishi. Kwa hiyo mtu wa maagizo kiwandani anahesabu kurudi nyuma. Ili mzigo uingie kabla ya Septemba 30, meli ilipaswa kuondoka Mombasa kufikia katikati ya Agosti. Kushona na kupakia kungeangukia Juni na Julai. Kitambaa kingehitajika kiwandani Mei, na agizo lenyewe liwe limewekwa Februari au Machi. Baada ya Aprili, mnunuzi yeyote aliyeweka agizo alikuwa anakubali uwezekano wa kulipa ushuru wote.

Maana yake ni kwamba ofisi ya maagizo ilikwisha kuiona njaa ya Oktoba tangu Aprili. Mama wa kibanda hakuiona, kwa sababu Juni na Julai geti lilikuwa bado linatoa watu.

Hili si jambo jipya. Mwaka 2012 kifungu cha kitambaa cha nchi ya tatu kilikuwa kinakwisha Septemba. Bunge la Marekani lilikiongeza muda mwanzoni mwa Agosti, wiki chache kabla ya tarehe. Kwenye karatasi hakukuwa na pengo hata la siku moja, lakini wanunuzi walikuwa wamekwisha kupunguza maagizo miezi mingi kabla, kwa sababu hawawezi kuagiza nguo kwa matumaini. Pigo lilitangulia tarehe, na tarehe yenyewe haikutimia. Januari 1, 2005 ilikuwa kinyume: mgawo wa kimataifa uliowekea nchi ukomo wa nguo za kuuza nje ulipoondolewa, China ikafunguliwa njia, na viwanda vya Kenya vilivyokuwa vimepanuka haraka tangu 2001 vikaanza kupunguza watu tarehe ilipokwisha kupita. Machi na Aprili 2020 hakukuwa na kalenda yoyote. Maduka ya Marekani na Ulaya yalifungwa, maagizo yakafutwa mengine yakiwa yamekwisha kushonwa, na washonaji wakarudishwa nyumbani ndani ya siku chache.

Mapigo hayo hayakuja kwa mwendo mmoja. Lile lililotangazwa mapema, kama la 2025, ndilo lenye mtego mkubwa kwa biashara ndogo, kwa sababu kabla ya tarehe kunaweza kuja msukumo wa kumaliza mizigo. Laini zinafanya kazi hadi saa mbili usiku, Jumapili inafanyiwa kazi, vibarua wanachukuliwa getini asubuhi. Mwenye kibanda anaongeza sufuria. Mwenye ploti anachukua mkopo aongeze vyumba vya juu. Ovataimu ile ni ya kumalizia mzigo, haitokani na agizo jipya. Njia ya kutofautisha ni kuuliza kitu kimoja tu: kontena za kitambaa bado zinaingia? Kukiwa na ovataimu lakini kontena zinazoingia na kitambaa zimepungua, na zinazotoka zimejaa, basi baada ya wiki sita hadi nane laini zitakosa cha kushona. Madereva wa malori na walinzi wa geti wanalijua hilo, nao wanakula kwenye kibanda hichohicho.

Mpangilio wa kukatika

Kiwanda hakifungi kwa siku moja. Kinakata kuanzia kilicho rahisi kukatwa.

Kwanza ovataimu, kwa sababu haihitaji notisi. Kisha vibarua wa kutwa, wale wanaosimama getini kabla ya saa moja asubuhi wakisubiri kuitwa. Kisha kandarasi za muda: haziachishwi, zinaachwa tu ziishe bila kuandikwa upya, na mwajiri hana gharama. Mwisho kabisa ni wafanyakazi wa kudumu, kwa sababu hapo kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinadai notisi ya mwezi mmoja au zaidi, taarifa kwa chama cha wafanyakazi na afisa wa kazi, na malipo ya kuachishwa yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotumikiwa.

Gazeti huandika habari katika hatua ya nne. Mtaa huanza kuumia katika hatua ya kwanza.

Pochi ya mshonaji

Hebu tuifungue pochi hiyo, kwa sababu hapa ndipo kisa chote kilipo.

Mshahara wa msingi ni 16,000. NSSF, akiba ya uzeeni, asilimia 6 ni 960. SHIF, bima ya afya, asilimia 2.75 ni 440. Ada ya serikali ya ujenzi wa nyumba asilimia 1.5 ni 240. PAYE, kodi ya mapato, hakuna, kwa kuwa hajafika 24,000. Anabaki na 14,360.

Sasa ovataimu. Amri ya jumla ya mishahara inagawa mshahara wa mwezi kwa 225 kupata saa moja, na saa ya ziada siku za kawaida hulipwa mara moja na nusu. 16,000 kwa 225 ni shilingi 71; mara moja na nusu ni karibu 107. Saa 40 kwa mwezi, yaani saa mbili hivi kila siku ya kazi isipokuwa Jumamosi, zinaleta 4,267. Tukikata kwa viwango vilevile, zinabaki 3,830. Jumla mkononi ni 18,190.

Matumizi yasiyosogea kirahisi: kodi ya chumba 4,000, pesa za nyumbani kijijini 3,000, unga na sukuma na mafuta na gesi 4,000, deikea ya mtoto 1,500. Jumla 12,500.

Mwenye ovataimu anabaki na 5,690. Asiye na ovataimu anabaki na 1,860.

Mapato yamepungua kwa asilimia 21 tu, lakini pesa ya hiari imepungua kwa theluthi mbili. Na ni hii pesa ya hiari inayonunua sahani ya mchana, boda ya usiku, kusukwa nywele, viatu vya mtumba, soda, bando. Hakuna aliyefukuzwa kazi, hakuna habari yoyote gazetini, na saluni ya kona ya pili imekwisha kupoteza wateja wake wengi.

Jambo jingine lisiloonekana ni foleni ya wadai. Mshahara unapoingia M-Pesa, Fuliza, mkopo wa M-Pesa, inajilipa yenyewe papo hapo. Anayefuata ni mwenye nyumba kwa sababu ana kufuli. Chama cha akiba kinafuata kwa sababu kina aibu. Daftari la kibanda liko mwisho wa foleni. Kila wanaotangulia wakiongeza wanachochukua, daftari ndilo linalosukumwa mwezi ujao.

Kibanda, kwa namba

Kibanda cha mfano kinauza sahani 60 za mchana kwa shilingi 80. Mauzo ni 4,800. Chakula chenyewe kinagharimu 50 kwa sahani, jumla 3,000. Gharama zisizobadilika kwa siku ni msaidizi 500, kodi na kibali cha kaunti 200, makaa na maji 300, jumla 1,000. Faida ni 800.

Ovataimu imekatwa, wengine wameanza kubeba chakula kutoka nyumbani kwenye mkebe. Sahani zimeshuka kwa asilimia 30, zimebaki 42. Mauzo 3,360, chakula 2,100, gharama za siku 1,000 zilezile. Faida ni 260. Wateja wamepungua kwa chini ya theluthi. Faida imepungua kwa zaidi ya theluthi mbili.

Hiyo ni kama mpishi alijua mapema kwamba watakuja 42. Kama alipika cha watu 60, amemwaga sahani 18, shilingi 900, na siku hiyo amepata hasara ya 640. Chakula kilichopikwa hakilali. Katika wiki mbili za kwanza za mshuko, hasara kubwa kuliko zote hutoka hapa, na huwa inaitwa “biashara imekuwa mbaya” wakati tatizo ni sufuria kubwa mno.

Halafu kuna daftari. Tuseme kati ya hizo sahani 42, 15 zimekopwa. Pesa taslimu iliyoingia ni ya sahani 27, yaani 2,160. Zilizotoka ni 3,100. Kila siku kibanda kinapungukiwa 940 ingawa kwenye karatasi kina faida ya 260. Siku sita za wiki ni 5,640. Mtaji wa kununua unga na maharagwe ukiwa 10,000, kibanda kinakauka kabla ya wiki ya pili kwisha. Vibanda vingi vya namna hii hufa vikiwa na wateja, daftari limejaa majina, na mwenyewe hana nauli ya kwenda sokoni.

Kinachosaidia ni hiki. Gawanya kupika mara mbili: sufuria ya kwanza ya nusu ya kawaida, ya pili iwekwe motoni saa tano na nusu asubuhi baada ya kujua vibarua wangapi walichukuliwa na laini ngapi zinafanya kazi. Maharagwe na githeri vichemshwe jana yake bila kuungwa, kwa sababu vilivyochemshwa vikihifadhiwa vizuri vinaweza kuungwa vinapohitajika. Ugali na sukuma ni vya dakika za mwisho. Punguza sahani badala ya kupandisha bei: ugali mdogo na mboga kwa 50 unamrudisha mteja aliyeanza kubeba mkebe, na kwa chakula cha shilingi 30 bado unaacha 20. Ukomo wa deni uhesabiwe kwa faida. Kama faida ya wiki ni 1,500, deni jipya la wiki yote kwa watu wote lisizidi 1,500. Aliye kwenye kandarasi inayokwisha mwezi huu halipi mwezi ujao, hata awe mwaminifu kiasi gani, kwa sababu mwezi ujao atakuwa kwao.

Ploti, boda, wakala

Mwenye ploti huumia mwisho na hupona mwisho. Mpangaji aliyepoteza ovataimu bado analipa. Aliyepoteza kazi anakula amana yake ya mwezi mmoja kwanza, kisha anaomba wiki mbili, kisha anahamia chumba cha mwenzake. Watu watatu wanajibana kwenye chumba kimoja, na vyumba viwili vinabaki vitupu. Kutoka ovataimu kukatwa hadi chumba kuwa kitupu inaweza kupita miezi mitatu au minne, na katika miezi hiyo mwenye nyumba anaamini kwamba yeye hakuguswa.

Ploti ya vyumba 20 kwa 4,000 huingiza 80,000. Vitano vikibaki vitupu inaingiza 60,000. Kushusha kodi hadi 3,500 kunalipa tu kama vyumba 18 vitajaa, yaani 63,000. Hapa lazima ujiulize kwa nini wameondoka. Kama wamehamia ploti ya bei nafuu mtaa wa pili, kushusha kunasaidia. Kama wamerudi Kitui au Kisii kwa kukosa kazi, umewapunguzia kodi wale 15 waliokuwa wanalipa na hukumpata wa 16. Kupokea kodi kwa wiki, 1,000 kila Jumamosi, hufanya kazi vizuri zaidi kwa mpangaji anayeishi kwa vibarua. Anaweza kuwa na elfu moja Jumamosi. Elfu nne kwa mpigo hana.

Boda inategemea saa kuliko idadi ya watu. Mshonaji anayetoka saa kumi na moja jioni anatembea na wenzake. Anayetoka saa mbili usiku anaogopa giza, anachukua boda. Ovataimu ikifutwa, safari za usiku zinapotea zote, hata kama kiwanda hakijapunguza mtu hata mmoja. Mwenye boda ya mkopo anapaswa kuhesabu malipo yake ya kila siku bila safari za usiku kabla ya kutia saini.

Wakala wa M-Pesa anaona mambo mapema kuliko benki yoyote. Kutuma pesa nyumbani ndiko kunakopungua kwanza kwa kiasi, kabla hakujapungua kwa idadi: aliyekuwa akituma 3,000 mara moja anatuma 1,000 mara mbili. Wakala akiona hivyo mwisho wa mwezi wa pili mfululizo, ana sababu ya kutoa sehemu ya mtaji wa floti, pesa za kuhudumia wateja, badala ya kuuacha ulale.

Deikea ni ya kusikitisha zaidi, na tuseme wazi kwamba ndiyo tunayoionea uchungu. Wafanyakazi wengi wa laini ni wanawake. Anapokosa kazi, mtoto anabaki nyumbani siku hiyohiyo, na mwenye deikea anapoteza mteja bila hata notisi ya siku moja. Baada ya wiki tatu mama yule anaitwa kibarua cha siku mbili na hana pa kumwacha mtoto kwa sababu deikea imefungwa, hivyo anakikosa kibarua. Deikea inayotoza kwa siku, badala ya mwezi, huweza kuvuka kipindi hiki na kumvusha mama naye.

Wanaopata, na wanaoongezeka

Si kila mtu anapoteza. Mama mboga aliye karibu na ploti huuza zaidi, kwa sababu sahani iliyoachwa kibandani inapikwa nyumbani. Anayeuza mafuta ya kupima, unga wa kupima na makaa ya debe hupata wateja waliokuwa wakinunua pakiti.

Tatizo ni kwamba wauzaji wanaongezeka wakati wanunuzi wanapungua. Aliyeachishwa akiwa na miaka sita kazini ana haki ya siku 90 za mshahara; kwa 615 kwa siku ni 55,000 na kidogo, pamoja na mwezi wa notisi. Anafanya nini nazo? Ananunua cherehani na kufungua duka la kushona, au jiko la mandazi, au belo la mtumba. Watu 300 wakiachishwa kwa wiki moja, mtaa unaweza kupata mafundi cherehani wengi wapya ndani ya mwezi, wote wakisubiri sare za shule za watoto walewale. Kabla ya kuingiza pesa ya kuachishwa kwenye biashara, hesabu kwanza kwa miguu: tembea kutoka kwenye geti hadi stejini na uhesabu wanaouza kitu hichohicho. Ujuzi wa overloki na mashine za kiwandani unahitajika pia mbali na EPZ, kwenye mafundi wa sare na mapazia wa Nairobi na miji ya kaunti, na huko hakuna washonaji 300 wa kushindana nao.

Malipo hayohayo huleta wiki ya udanganyifu. Wanaoachishwa hulipa madeni, hula nyama, hununua nguo za safari. Kibanda kinauza kama zamani kwa siku tano au saba. Wiki hiyo ni ya kukusanya daftari lote, jina kwa jina, hata kwa kukubali nusu. Baada ya mabasi ya Ijumaa kuondoka, hakuna wa kudai.

Kuhusu ajira ngapi za huduma zinazozaliwa na ajira moja ya kiwanda, namba inayonukuliwa sana ni ya mchumi Enrico Moretti, aliyekadiria mwaka 2010 kwamba katika miji ya Marekani kila ajira moja mpya ya kiwandani huongeza ajira 1.6 za huduma za mji huohuo. Haifai kuhamishiwa Athi River kama ilivyo. Mshahara wa hapa unaoacha 1,860 za hiari hauwezi kubeba kinyozi, mpishi na mwendesha boda kwa kiwango kile, na sehemu yake inatumwa kijijini, ambako inalisha maduka ya huko. Athari ya geti la Athi River inaonekana hata kwenye duka la Mwingi.

Pia Athi River si ya nguo pekee. Kuna saruji, chuma na kiwanda cha nyama cha serikali, ambavyo vinategemea zaidi ujenzi na soko la ndani. Kibanda kilicho njia panda ya wafanyakazi wa saruji na wa nguo kina kinga ambayo kibanda kilichobandikwa kwenye geti la EPZ hakina, hata kama cha getini huuza zaidi miezi mizuri.

Anayekiuzia kiwanda moja kwa moja

Kuna kundi dogo lenye mikataba: malori, ulinzi, usafi, katoni, ukarabati wa mashine. Hawa hawaumizwi na ovataimu. Wanaumizwa na ankara. Dalili ya kwanza ni muda wa malipo kunyooka, kutoka siku 30 hadi 60, kisha 90, bila barua yoyote. Fundi wa jenereta anayedai miezi mitatu amekikopesha kiwanda bila riba, na kiwanda kikifungwa atakuwa nyuma ya benki na nyuma ya wafanyakazi. Weka ukomo wa pesa unazodai kwa mteja mmoja, usizidi kiasi unachoweza kupoteza bila kuuza gari. Ukifikiwa, kazi mpya ilipwe kabla. Vipuri vinunuliwe na kiwanda chenyewe, wewe utoze kazi ya mkono tu.

Maagizo yakirudi

Hurudi kwa mpangilio uleule: ovataimu, kisha vibarua wachache, kisha kandarasi. Kiwanda hujaza kwanza saa za watu waliopo kabla ya kuandika wapya. Kwa hiyo kibanda kitaona watu wachache wenye pesa zaidi, na sahani ya 80 itarudi kabla ya idadi kurudi. Usiongeze msaidizi kwa sababu ya mwezi mmoja mzuri. Subiri mishahara miwili mfululizo yenye ovataimu, na uulize tena kuhusu kontena za kitambaa zinazoingia. Msaidizi mwenyewe huenda akawa wa kwanza kuondoka kwenda kupanga foleni getini, kwa hiyo mwenye kibanda aandae mapema nani atasimama jikoni asubuhi hiyo, na kwa malipo gani. Mwenye ploti naye asipandishe kodi kabla vyumba vyake vyote havijakaliwa miezi mitatu. Kodi ikipanda mapema, ovataimu inaishia kwake peke yake, na wapangaji wake wanaanza tena kula kwa daftari.